Mshenga wa Mtaa wa Aggrey

Ombeni ameingia na mashine ndani ya kiroba cha sembe,
ameikumbatia kama mtoto mwenye homa,
akaitua juu ya kaunta kati ya spika na chaja.
"Fundi, nipe pawa saplai. Yoyote. Iwake tu."

Yoyote.
Neno hilo limeniunguzia soketi tatu mwaka huu
na nyusi za kijana mmoja wa Tandika.

Hapa siuzi tu, Ombeni. Mimi ni mshenga,
na siozeshi kabla sijauliza.
Huyu bibi harusi wako anakula nini?
Mgeuze. Futa huo unga. Soma kibandiko:
volti kumi na mbili,
wati elfu moja mia tatu hamsini.
Gawa. Acha simu, gawa kichwani.
Ampea mia na kumi na mbili, na chenji.
Ukizipitisha kwenye waya mwembamba,
waya unageuka jiko, na wewe ndiye mkaa.

Ananyoosha kidole rafu ya juu:
ile ya elfu hamsini na tano,
imeandikwa 1800 kwa rangi ya dhahabu.
Naishusha, namwekea kiganjani.
"Nyepesi," anasema, uso umemkunjuka.

Usifurahi.
Wati zote hizo haziwezi kuwa nyepesi kuliko kilo ya sukari.
Humo ndani mna koili mbili na uongo.

Chukua hii, imechubuka, imetoka kwenye sava,
haina dhahabu wala taa za kuchezacheza.
Laki na thelathini. Ndiyo, laki.
Inatoa wati elfu mbili, nawe hutazimaliza,
na usijaribu kuzimaliza:
punda wa kubebeshwa mpaka magoti yatetemeke
hauoni mwisho wa Februari ya jiji hili,
Februari ambayo hata ukuta unatoka jasho.

Sasa hesabu matundu. Tisa ya bodi, moja la ubongo,
kila tundu miguu sita.
Kila tundu na waya wake; sikati mmoja nikaupa mikia miwili.
Na bodi moja haili vyungu viwili:
ukiichanganyia saplai hii na ile,
utasikia ugomvi kabla hujauona moshi.

Tukafunga. Nikabonyeza.
Duka zima likavuma, risiti zikaruka,
Mangi wa vioo ng'ambo akachungulia akidhani ni jenereta.
Nikashika waya: vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.
Nikanusa: hakuna kitu.
Namba za LUKU yangu zikateremka mbio,
nikaziona, nikanyamaza.
Dakika kumi. Nikazima.

"Zinaoana," nikasema,
na Ombeni akacheka kama aliyekwisha kulipwa.

"Utaiweka wapi?"
"Chumbani. Kigogo."
"Mita ya nani?"

Hapo akaanza kukusanya unga kwa kidole,
akautengeneza mstari, akauvunja.
Mita moja. Wapangaji sita.
Havijawa anagandisha barafu za kuuza shuleni.
Chumba cha mwisho kuna mtu wa kifua, halali bila feni.
Kila Jumapili wanachangishana, elfu tatu tatu.

Uniti thelathini na tano kwa siku, Ombeni,
nikihesabu na zile zinazopotea kuwa joto.
Uchimbe sarafu isiyoshikika
kwa jembe la watu sita?

Hakujibu. Sikumsukuma.
Nje mpiga debe wa viatu alikuwa anashusha bei kwa mara ya nne.

Alitoa elfu arobaini, noti za kukunjwa kunjwa,
akaomba nimwandikie "imetangulizwa".
Kiroba akakikung'uta, akakiweka mfukoni.
Mashine akaiacha.

Ipo chini ya kaunta, na saplai yake pembeni,
nimeifunika gazeti vumbi lisiingie.
Wanandoa wamepatana.
Mwenzao bado anatafuta nyumba.